Nilipokuwa Gia ya Haddou

Mwaka jana karibu wote nilikuwa gia ya gari. Sisemi kwa mafumbo. Mume wangu Haddou alikuwa akishika usukani na kukanyaga breki na mafuta, na mimi Itto nimeketi kiti cha abiria, nikiingiza namba moja, namba mbili, namba tatu kwa amri yake. Na amri zenyewe hazikuwa na adabu.

Gari letu ni Reno 4 ya zamani, ya kijani cha zeituni, na gia yake haitokei sakafuni kama kwenye magari ya watu. Imechomoza katikati ya dashibodi kama mpini wa mwavuli, kwa hiyo mkono wa abiria unaifikia bila taabu. Haddou alipokatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya sukari, ndio huo mguu wa klachi, daktari aliandika kwamba anaweza kuendesha iwapo tu gari litarekebishwa. Yeye hakutaka hata kusikia habari za gari. Alirudi kutoka hospitali akageukia ukuta. Chai alinywea ukutani, supu ukutani, wageni waliokuja kumjulia hali aliwaitikia akiwa ukutani. Majira yote ya baridi niliishi na mgongo wa mume wangu, nikadhani nitauzika ule mgongo kabla sijauona tena uso.

Aliyemgeuza ni Bouazza, fundi wa kuchomelea, ambaye karakana yake iko chini ya msikiti wetu. Alichomelea chuma kirefu kwenye kanyagio la klachi, kikapanda hadi karibu na mlango. Haddou akawa anakivuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki kwenye usukani.

"Na gia?" niliuliza.

Bouazza akamtazama Haddou. Haddou akanitazama mimi.

"Wewe si una mikono miwili?" akasema.

Basi kila Jumanne tukawa tunashuka sokoni Azrou, mimi na mayai yangu ya kuuza, yeye na kelele zake.

"Mbili! Itto, mbili!"

"Vuta klachi kwanza, mzee wewe! Husikii injini inavyolia?"

"Nimeshavuta!"

"Umevuta pumzi! Klachi bado!"

Watu wa sokoni walijua tumefika kabla hawajatuona. Lakini mume wangu alikuwa na uso tena, na uso wenyewe ulikuwa unacheka. Kwa ajili hiyo ningeingiza gia mpaka Makka.

Siku moja, kwenye mzunguko wa kuingilia mjini, askari wa barabarani akatusimamisha. Kijana tu, kofia imemmeza kichwa. Alikuwa ameuona mkono wangu wenye hina ukihangaika na gia.

"Nani anaendesha hili gari?"

"Mimi," tukajibu kwa pamoja.

Alicheka mpaka akaushika mlango asianguke. Kisha akakumbuka kazi yake. Gari la zamani, alisema, likiongezwa chochote cha kuendeshea, lazima injinia wa kituo cha ukaguzi akione, akipitishe, kiandikwe kwenye kadi ya gari. Akatupa hadi mwisho wa mwezi. Tukipitisha siku hiyo, gari litaburutwa.

Njia nzima Haddou hakutoa sauti. Hata "tatu" hakusema, nikaiingiza kwa kukisia. Nyumbani alikunywa vijiko viwili vya supu, akalala, akageukia ukuta. Nilisimama pale na bakuli mkononi. Nikajiapiza kwamba ule ukuta hauninyang'anyi mume mara ya pili.

Injinia wa kituo cha Meknes anaitwa Lamrini, mtu mrefu, anayepiga chafya kila maua yanapochanua. Alikaa kiti cha nyuma na kalamu yake, akatuambia tuzunguke uwanja.

"Moja," Haddou akasema. Kisha, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia toka anioe, akaongeza, "Tafadhali, Lalla Itto," kama anayemwita bibi wa heshima.

Ile tafadhali ilinishtua hata nikaingiza rivasi. Gari likaruka nyuma, kalamu ya injinia ikaingia chini ya kiti, na injinia nusura aifuate.

"Ami Haddou," alisema tulipotulia, "nani dereva hapa?"

"Mimi."

"Na huyu Lalla?"

"Gia."

Lamrini akapiga chafya, akajipangusa. "Ami, sheria haina gia ya namna hiyo. Kila cha kuendeshea kifikiwe na dereva mwenyewe, akiwa amefunga mkanda, na mkono mmoja usibanduke kwenye usukani. Na kilichoongezwa kiwe kimefungwa imara kwenye gari. Lalla amefungwa kwa bolti?"

"Nimefungwa kwa ndoa," nikamjibu. "Lete spana yako tuone kama nitatoka."

Alicheka, lakini hakutupitisha. Akainama dirishani kwangu, akasema kwa wema tu, "Au wewe Lalla uchukue leseni. Miguu unayo. Tunang'oa hiki chuma, gari linarudi lilivyotoka kiwandani, nami sina la kukagua."

Nilimtazama Haddou. Alikuwa ametupa macho nje, anautazama ukuta wa kituo.

"Mimi na leseni wapi na wapi," nikasema. Uongo mtupu. Niliitamani, jamani, mkono wangu ulishaonja. Lakini nikishika mimi usukani, yeye atakuwa mzigo wa kupelekwa sokoni pamoja na mayai, na sikutaka kumwona hivyo.

Kutoka Meknes tulikwenda moja kwa moja kwa Bouazza.

"Bouazza, sheria inataka mkono mmoja uvute klachi na uingize gia, mwingine ubaki kwenye usukani. Kuna njia?"

Bouazza aliacha kazi, akanishangaa. "Si nilimwambia tangu mwanzo, Lalla Itto? Unachukua mkono wa klachi wa pikipiki, unaufunga juu ya gia, unashusha waya. Anaminya, anasukuma, basi. Waya wenyewe huu hapa, una vumbi la mwaka. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema Itto ataingiza."

Damu ilinichemka. Mwaka mzima bega linaniuma! Mwaka mzima nafokewa barabarani mbele ya malori!

"Haddou! Umenifanya punda kumbe dawa ipo?"

Haddou alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, anasugua goti la mguu uliokatwa.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini? Waya?"

"Kuwa peke yangu mle ndani." Hakuniangalia. "Huu mguu, Itto, haupo lakini nausikia. Unaniwasha, unakaa ganzi, asubuhi nautafutia kiatu. Nikajua siku moja kwenye mteremko nitakanyaga klachi kwa mguu huu. Ukiwa pembeni yangu unanipigia makelele, siwezi kusahau."

Bouazza akajifanya anatafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika. Nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku ya harusi, na pia nilitaka kumpiga na kikapu.

"Funga," nikamwambia Bouazza.

Alimaliza kabla ya alasiri, na chuma kirefu akakikata. Haddou akaanza kujifunza kwenye uwanja wa kupuria shayiri, mimi pembeni yake nimeketi juu ya viganja vyangu visije vikairukia gia. Mara ya kwanza gari lilizimika. Mara ya pili likazimika. Alitukana waya, akamtukana Bouazza na aliyemzaa Bouazza, na mimi nikafunga mdomo, jambo ambalo lilinitoa jasho kuliko kuvuna.

Tuliporudi Meknes, Lamrini alikaa kiti changu. Mimi nikabaki nje, nimeshika uzio. Alijaribu bolti kwa spana, akavuta mkanda, akamwambia Haddou atoke nje ya geti, asimame ghafla, apande mlima wa kituo na aanze tena katikati yake. Katikati ya mlima gari likazima. Niliona kichogo cha Haddou kimeganda, nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Kisha injini ikawaka, na gari likapanda taratibu mpaka juu.

Injinia alishuka akaandika kwenye kadi: klachi ya mkono, imefungwa kwenye gia. Akagonga muhuri.

"Limepita, ami. Kiti cha pembeni ni cha abiria. Akae, afunge mkanda, asiguse kitu." Akanigeukia. "Asiguse kitu, Lalla."

Sikugusa. Ila mdomo sheria haikuutaja, nikautumia mpaka nyumbani.

Jumanne iliyofuata nilikuwa jikoni, napanga mayai kwenye majani makavu, nikasikia injini inaunguruma. Nikasema analipasha moto, acha nimalizie. Nilipotoka na kikapu, lango lilikuwa wazi na ua mtupu. Gari lilikuwa limeshafika kwenye miti ya mipopla, linashuka, na ndani kuna kichwa kimoja tu. Nikatega sikio. Moja. Mbili. Tatu, laini, bila kelele za mtu.

Jirani yangu Fadma alikuwa darini kwake anaanika sufu ya kondoo.

"We Itto! Mumeo kakuacha!"

"Kaniacha!" nikamjibu kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. "Kaniacha, Fadma! Kaenda zake!"

Nikaketi kizingitini na mayai yangu mapajani, nikalia kwa furaha mpaka Fadma akashuka ngazi mbio kuja kunipa pole.