Mafuriko Yaliyohudhuria Zoezi

Kila mwaka halmashauri ilifanyia zoezi la mafuriko uwanja wa juu, kilimani, mahali ambapo maji hayajafika tangu dunia iumbwe. Bondeni kungefaa zaidi, lakini bondeni kuna matope, na mwenyekiti alikuwa na viatu vya ngozi. Basi hema lilifungwa juu, viti vikapangwa, wafanyakazi wakajilaza nyasini kama waliozama. Wengine walilala kweli.

Mwaka huu mratibu wa maafa alipopuliza filimbi, mafuriko yaliingia getini. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kimo cha goti, yamebeba ndala moja. Yalisimama nyuma ya viti vya mwisho kama mtu aliyechelewa kikao.

Mlinzi aliyataka yajiandikishe. Afisa utumishi aliuliza nani kayaalika. Mratibu aliyaamkia shikamoo, maana yalimzidi umri, akauliza siku yakija kweli yatapita wapi.

Yakageuka, yakashuka. Watu wakapandisha suruali, wakayafuata.

Yalifuata mtaro vizuri mpaka kwenye ghala la mwenyekiti, lililojengwa juu ya mtaro huohuo. Hapo yakakwama, yakajaa, yakapinda kuelekea nyumba za chini. Wote waliona. Mwenyekiti alisema ghala lina kibali, maji nayo yafuate utaratibu.

Maji yakaingia nyumba ya kwanza, kwa mama yake mratibu, ambaye miguu ilimgomea siku nyingi. Yakapanda mpaka usawa wa godoro, yakasimama. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu, hawa wageni wako hawavui viatu?"

"Wanatuonyesha tu, mama."

"Basi na nyie nionyesheni. Mimi natokaje hapa?"

Mratibu alipekua makaratasi. Mpango wake ulisema wasiojiweza watasaidiwa, ila haukusema na nani. Seremala na muuza nyama wa jirani walijaribu kumtoa na kitanda chake, kikagoma mlangoni. Maji yakasubiri. Seremala akaenda kufunga miti miwili kwenye kiti, wakambeba mama, akatoka na mchele wake mapajani, akiwakemea waangalie kona. Maji yakashuka, yakaaga, yakasahau ndala.

Tangu hapo mtaa wa chini hufanya mazoezi wenyewe, mratibu na filimbi yake. Mara nyingine maji huja, husimama nyuma, huangalia.

Msimu wa mvua kubwa yalikuja rasmi, saa ya chakula cha mchana. Mtaa mzima ulikuwa umeshapanda uwanja wa juu, mama kwenye kiti chake cha miti, akiuliza nani kasahau chumvi. Bondeni, maji yalifika kwenye ghala, ambalo lilikuwa limepakwa rangi mpya, yakapinda palepale. Yakaingia kwa mama, yakapanda mpaka usawa wa godoro, yakakuta shuka limekunjwa. Yakasubiri kidogo kwa adabu. Kisha yakaendelea na safari, yamebeba ile ndala.