Maji Yaliyofuata Wageni

Siku ya uzinduzi wa bomba la maji, mkunga wa zahanati ya misheni alifungua koki ya chumba cha kujifungulia, akanawa mpaka viwikoni, akafunga, akafungua tena ili ahakikishe. Maji yalitoka kwa nguvu. Nje, mfadhili alikuwa akipigwa picha kando ya tangi.

Jioni gari lake lilipotoka getini, bomba lilikohoa, likakauka. Maji yaliyokwisha kukingwa nayo yakapanda kingo za ndoo, yakashuka chini, yakalifuata gari barabarani kama mbwa na bwana wake. Wanawake waliyapisha. Kesho yake wakarudi mtoni, mwendo wa nusu siku, kama zamani.

Ikawa ndiyo hali. Mgeni akija, maji huja, akiaga, huaga. Sista Mkuu alisema kidogo si haba, akahamishia ufuaji wa mashuka siku za ziara. Mashuka yenyewe yalikauka mara tu mgeni alipopanda gari.

Mkamwana wa mkunga alishikwa na uchungu siku ambayo mfadhili alirudi kuwasalimu. Mkunga alishukuru Mungu. Lakini mtoto alikaa vibaya, na jua likaanza kushuka kabla hajatoka. Mkunga akatoka nje, mikono ikimchuruzika maji, akamkuta mfadhili ameshika mlango wa gari.

"Baba, lala kwetu leo," alimwambia. "Kitanda kipo."

Mfadhili aliuliza kama kuna shida ya maji.

"Ukiwepo, hakuna."

Alicheka, akasema ukarimu wao humgusa kila mara, ila mjini anasubiriwa.

Gari liliondoka. Mkunga alipofika mlangoni mikono yake ilikuwa mikavu, na maji ya moto yalimpita miguuni yakifuka mvuke, yakielekea getini. Aliingia akamaliza kazi hivyo hivyo. Mtoto alitoka mzima, akalia vizuri. Mama yake alipata homa ya uzazi, na juma halikwisha wakamzika. Mkunga mwenyewe alijua homa ile ilipitia wapi, na kwa muda mrefu hakuweza kula kwa mkono.

Alipeleka malalamiko mjini. Wakaja mafundi, wakafungua koki, maji yakamwagika. Wakayapima, wakayaonja, wakapanda juu ya tangi wakashuka.

"Pole kwa msiba, mama," mkubwa wao alimwambia kwa upole. "Lakini bomba hili ni zima."

"Najua," mkunga akajibu. "Si mpo?"

Wakati mafundi wakikusanya vifaa, watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni, bila ndoo wala madumu. Walishajifunza kwamba maji yaliyomezwa hayaondoki. Zamu ya mkunga ilipofika, alikaza kanga iliyombeba mjukuu mgongoni, akainama chini ya koki, akanywa mpaka tumbo likamuuma, kisha akampisha aliyemfuata.

Fundi mmoja aliwapiga picha. Alisema mjini watafurahi kuona.