Jitu Lililoibiwa Sauti

Kabla hajaona mtu, Callan alisikia dadu zikigongana ndani ya bati la biskuti. Zikatulia, kisha watu wakapiga makofi. Akasimama nje ya gareji ya Gwenda, baiskeli mkononi, kofia ngumu bado kichwani, vijiti vya plastiki vimechomoza juu yake kama miiba ya nungunungu, vya kuwazuia ndege, maana majira haya, wakiwa na makinda, hushuka na kudonoa vichwa vya waendesha baiskeli. Mlio ule aliujua. Dadu za watu wengine hulia kama karanga. Zake zilikuwa za chuma, nyekundu, na zililia kama misumari.

Mtu alikuwa akirusha dadu zake.

Alikuwa ameziacha pale tangu mchezo uliopita ulipokwisha, ndani ya kifuko cha ngozi, zipumzike. Gwenda alikuwa fundi bomba siku za kazi, na Jumamosi alikuwa msimulizi wao: yeye huumba nchi, majoka na wafalme, na waliokaa mezani huwa watu wa nchi hiyo, kwa maneno na dadu tu. Na kwenye meza ya Gwenda kila mtu alijua kwamba dadu za mwenzio hazishikwi. Gari unaweza kumwazima mtu. Dadu, hapana.

"Mshairi wetu huyo kafika," alisema Pritika, mchezaji mwenzake, bila kuinua kichwa. "Umechelewa, bwana. Tairi zilikukumbatia?"

Callan alikuwa akimtazama kijana mnene wa mabega aliyekaa kwenye kiti cha kijani, kile chenye mkono uliofungwa kwa utepe. Callan mwenyewe ndiye aliyeufunga.

"Huyu ni Tavita," alisema Gwenda. "Tunafanya kazi pamoja. Hajawahi kucheza, kwa hiyo muwe na ubinadamu."

Tavita akainuka nusu, akanyoosha mkono. "Salama, uso?" Kwao Samoa neno hilo, uso, maana yake ni ndugu. "Mama katuma panikeke. Zile bado zina moto, chukua."

Katikati ya meza kulikuwa na bakuli la maandazi ya mviringo, na harufu yake ilikuwa imeshaimeza ile ya soseji za Gwenda. Callan hakuchukua.

"Hizo dadu umezitoa wapi?"

"Nimempa mimi," alisema Gwenda. "Hana zake, na zako zimelala tu."

"Zilikuwa zinapumzika."

"Basi zimepumzika vizuri," alisema Pritika. "Tavita, hebu mwonyeshe."

Tavita akalisukuma bati. Ndani yake dadu nne zilikuwa zimetulia: sita, sita, sita, na mbili.

Sheria ya Gwenda haikuwa na mjadala. Unarusha dadu nne mbele ya wote, unaitupa ndogo, unajumlisha zilizobaki. Unaandika sifa za mhusika wako kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, ukianza na nguvu na kumalizia na mvuto, na hakuna kurudia. Kumi na nane ndicho kilele. Callan alikuwa amezibembeleza dadu zile miaka yote, akazifuta kwa kitambaa cha miwani, akazinong'oneza, na hazikuwahi kumpa kumi na nane hata mara moja.

"Hiyo ya nini?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshauona mstari wa chini wa karatasi ya Tavita.

"Mvuto," alisema Gwenda.

Mwenye mvuto kuliko wote mezani ndiye anayeulizwa kwanza kama anataka kuwa malenga, yule anayetembea na msafara akiimba, wenzake wakapata moyo na maadui wakasahau walichojia. Na malenga kwenye meza hii alikuwa mmoja tu siku zote, Callan.

Kosa lilikuwa lake, na ni kosa la wachezaji wenye kiburi: alikuwa amemtunga mtu wake kabla dadu hazijasema. Wiki nzima kwenye duka la matairi alikofanya kazi, kati ya gurudumu na gurudumu, mikono imejaa masizi, alikuwa akihesabu mizani. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, na ilianza hivi:

*Nimezaliwa na njaa, ya neno lisilosemwa,*
*Mji ukinikataa, naenda nisikotumwa.*

Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Dukani alikuwa kijana wa matairi, na nyumbani kwa baba wa kambo alikuwa mdomo mmoja zaidi wa kulishwa. Ni ndani ya gareji hii tu, kati ya mashine ya kukatia nyasi na masanduku ya mabomba, ambamo watu waliacha kutafuna alipofungua kinywa. Nje ya hapa hakuna aliyewahi kumwita mshairi.

"Tavita," alisema Gwenda, "unataka kuwa malenga?"

"Malenga anafanya nini?"

"Anaimba."

"Ah, hiyo naiweza. Kanisani wananitanguliza kila Jumapili, hata nikiwa na mafua."

"Basi andika."

Callan akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichobaki, kushoto kwa Pritika. Tavita akamsogezea bati lenye dadu nyekundu.

"Zako hizi, uso. Samahani, sikujua."

"Baki nazo," alisema Callan. "Zimeshakuzoea."

Alirusha dadu za umma, zile zilizokaa kwenye kopo la aiskrimu, za kila rangi, pembe zimelika. Nguvu: kumi na saba. Uimara: kumi na sita. Kadiri mwili ulivyokua, ndivyo alivyozidi kununa. Alipofika kwenye mvuto, dadu zikaanguka moja, moja, mbili, mbili.

"Tano," alisema Pritika, akaweka kalamu chini ili acheke vizuri. "Jamani. Mvuto wa choo cha kituo cha treni."

"Pritika," alisema Gwenda.

"Nasema tu. Namwona. Jitu. Linaingia kijijini, mbuzi wanahama."

"Ni jitu basi," alisema Callan. Aliandika neno hilo kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Tavita, ambaye hakuelewa kwa nini meza imepoa, akaona ni wajibu wake kuipasha moto. "Niwaimbie kidogo? Nijue kama ndiyo yenyewe." Na bila kusubiri akafumba macho, akaimba pasipo maneno, sauti ikitoka chini kifuani na kupanda polepole. Haikuwa kubwa. Feni iliendelea kuzunguka, redio ya jirani iliendelea kutangaza kriketi, lakini Pritika aliacha kutafuna, na panikeke ikabaki nusu njia kati ya bakuli na mdomo wake.

Callan aliiona panikeke ile. Alitamani kuing'oa mkononi mwake.

Kisha likaja jambo baya zaidi. Mistari yake, ile iliyokuwa mfukoni, ikaamka kichwani mwake na kulala juu ya wimbo ule, silabi kwa silabi. *Nimezaliwa na njaa* ilipanda pale sauti ilipopanda. *Ya neno lisilosemwa* ikashuka nayo. Miaka yote alikuwa akiyasema maneno yake kwa sauti kavu, ya puani, akidhani hivyo ndivyo yanavyosikika. Kumbe yalikuwa yakimngoja mwingine.

"Yesu na Maria," alisema Gwenda taratibu, na Gwenda hakuwa mtu wa dini.

Tavita akafumbua macho. "Ila maneno sina. Najua ya kanisani tu. Hayo nikiyaimba kwenye mchezo wa majoka, mama atanichapa."

Pritika alicheka. Callan hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa koti, ameubana kama mtu anayeziba jeraha.

Likabaki jambo la kufungana. Gwenda alitoa kisanduku chake cha utepe mweupe, ule ambao mafundi bomba huuzungushia kwenye skrubu za mabomba, akakata vipande. Hii ilikuwa mila ya gareji: kabla ya safari, kila mtu humfunga mhusika wake kwa yule aliye kushoto kwake, kwa jambo moja litakalowafanya wasiachane hata wakichukiana. Anashika ncha moja ya utepe na kusema. Jirani akikubali, anashika ncha ya pili. Akikataa, aliyesema anaichana karatasi yake na kurudi Jumamosi nyingine na mtu mwingine.

Tavita alijifunga kwa Pritika: mhusika wa Pritika, mwizi mdogo, alimwibia malenga ngoma yake, akairudisha kwa aibu. Pritika alijifunga kwa Callan: jitu lilimkalia kwa bahati mbaya na bado halijaomba radhi. Kushoto kwa Callan alikuwa Tavita.

Callan alikuwa amepanga kusema uovu. Kwamba jitu lilimuua kaka wa malenga, kwa mfano; kwamba linamfuata ili limalize ukoo. Tavita angekataa, na Callan angeondoka kichwa juu. Alishika utepe, akafungua kinywa, na yaliyotoka hayakuwa yale.

"Jitu langu halikuzaliwa bubu," alisema. "Lilikuwa na sauti. Lilipoimba, watu waliacha kutafuna. Usiku mmoja sauti ikatoka, ikatafuta kifua kingine kizuri zaidi, ikakaa humo. Haikuibiwa kwa upanga. Iliondoka yenyewe. Sasa jitu linamfuata malenga kila aendako, kwa sababu kila anapoimba linaisikia sauti yake mwenyewe, na inasikika vizuri kuliko ilivyowahi kusikika."

Pritika, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa akiisoma karatasi yake kana kwamba imeandikwa upya. Callan alihisi masikio yakiwaka. Alijua kila mmoja pale amemwelewa, hata yule mgeni.

"Tavita," alisema Gwenda hatimaye. "Unaweza kukataa."

Tavita aliutazama utepe. "Malenga wangu hakuiomba hiyo sauti," alisema. "Alizaliwa nayo, au ndivyo anavyojua. Hawezi kuomba radhi kwa kuimba."

"Sijasema aombe radhi."

"Na siachi kuimba."

"Najua."

"Basi jitu linataka nini kwangu?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomchoma. Callan akatia mkono mfukoni, akaitoa karatasi yake, masizi ya vidole pembeni, akaiweka mezani kati yao. Hakuiachia. Tavita akaisoma mistari ile miwili kutoka alipokaa, midomo ikitembea, na ilipofika *nisikotumwa* koo lake likaanza kuitafutia sauti, bila yeye kujua. Kisha akaishika ncha ya pili ya utepe, akaukaza.

Callan akaiachia karatasi.

"Nakuahidi, Tavita," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, akisahau ile nzito aliyotaka kulipa jitu. "Hakuna upanga utakaokugusa nikiwa hai, maana ukifa unazikwa na kilicho changu. Na kila utakachoimba mezani hapa, maneno nitakupa mimi. Lakini siku nitakapoijua njia ya kuirudisha sauti yangu, nitaichukua, na nitakwambia usoni kabla sijaichukua."