Fundi Aliyejianika Mwenyewe

Fundi cherehani alikuwa ameshona suti za nusu ya mji, lakini siku hiyo, ndani ya suti yake mwenyewe, alitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Chuo kilimwalika awaeleze wanafunzi faida ya kushika mila. Wiki iliyotangulia, mzungumzaji mmoja alizomewa humo humo mpaka akakimbia bila miwani.

Kuzomewa angevumilia. Kilichomtisha kiliketi safu ya tatu: binti yake wa pekee, wa mwaka wa pili. Asubuhi, akimmiminia chai, alimwambia, "Baba, leo nina swali moja tu kwako."

"Niulize sasa hivi basi."

"Ah wapi, mzee wangu. Mbele za watu."

Chai ikampalia. Amejua nini huyu?

Maana siri ilikuwapo. Binti alikuzwa akiamini kwamba wazee wa pande mbili walikaa kikao, wakakubaliana, ndipo wazazi wake wakaoana. Kumbe walitoroka. Walioana ofisini kwa karani, mashahidi wao watu wawili wa kuokotwa foleni. Mkewe alimwapisha: mtoto asijue abadani. Na hotuba ya leo ilihusu nini? Hiyo hiyo, ndoa isifungwe bila wazee.

"Wanangu, kikao cha wazee..." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Fundi, uzi umeisha kwenye bobini hiyo," kijana mmoja akasema huko nyuma. Ukumbi ukacheka.

Binti hakucheka. Alinyoosha mkono.

Moyo wa Fundi ukaenda mbio kuliko cherehani ya umeme. Akaona heri ajianike mwenyewe kuliko kuanikwa na mwanawe.

"Shusha mkono, mama. Najua unachotaka kuniuliza." Akajifuta jasho kwa tai. "Ni kweli, mimi sikuwaita wazee. Nilimtorosha mama yako. Na mwaka ule alipofunga virago, nilitafuta mtu mzima wa kuniambia, 'Mjinga wewe, nenda kamwombe radhi.' Nani angeniambia? Wote nilikuwa nimewapa kisogo. Nikakaa na ujinga wangu miezi minne. Kwa hiyo, wanangu, msidhani nawasifia mila kwa kuwa niliifuata. Niliikata, nikaona kilichofumuka."

Makofi yakaanza, moja, mawili, ukumbi mzima.

Mkono wa binti ulikuwa bado juu, umeganda hapo. Makofi yalipotulia akasimama.

"Baba," akasema polepole, "mimi nilitaka kuuliza kama wazee wanaweza kukaa kikao kwa simu. Kuna mtu anataka kuja kunichumbia. Kwao ni mbali."

Binti akamkazia macho baba yake.

"Sasa niambie. Hao wazee mlionisimulia miaka yote, walikuwa wa nani?"

Binti hakungoja jibu. Alitoa simu mkobani, akaiweka sikioni, akaanza kupita kati ya viti kuelekea mlangoni.

"Mama," Fundi alimsikia akisema, "uko peke yako hapo?"