Bado Themanini na Moja

Mwalimu Gozbert alitaka kuona laki tatu. Alinunua lile gari la Celica la milango miwili mwaka aliohamia Bunju, na ugonjwa ulipomzidi dashibodi yake ilisoma kilometa laki mbili tisini na tisa elfu kamili.

"Elfu moja tu, Shomari," aliniambia mimi fundi wake. "Hizo Mungu hataninyima."

Ndipo binti yake Auleria, karani wa Mikocheni, akamletea zawadi: rimu za inchi kumi na nane zinazong'aa, na matairi yake. Mimi ndiye niliyezifunga, dashibodi ikiwa bado kwenye 299,000. Zile za zamani, za inchi kumi na tano, zilibaki kwa muuzaji.

"Shikamoo Mwalimu. Umezionaje?"

"Marahaba. Mwanangu kanivalisha viatu vya wahuni!" Akacheka mpaka akakohoa.

Gari lilipendeza. Ila usukani ukawa mzito kwa mikono yake, na kila shimo la barabarani likawa linampata mgongoni. Akaacha kuendesha. Auleria akawa anamtembeza Jumapili, safari fupi fupi, kwa sababu ya maumivu. Sikumlaumu kwa rimu zile. Alikuwa anampenda baba yake.

Jumatatu moja, siku moja baada ya kumpeleka baba yake Bagamoyo, Auleria aliniletea gari. Tairi la mbele lilikuwa linakwaruza madigadi. Nilipofungua buti kutafuta jeki nikaliona tairi la spea, la saizi ile ya zamani. Nikalisimamisha kando ya jipya. Jipya lililizidi kimo kwa vidole vitatu.

Nikapiga alama ya chaki, nikaviringisha kila moja mzunguko mmoja, nikapima. La zamani lilikwenda mita moja na sentimita tisini na tatu. Jipya, mita mbili na sentimita kumi. Gari halijui limevalishwa nini. Linahesabu mizunguko tu. Kila lilipoandika kilometa mia, Mwalimu alikuwa amekwenda karibu mia na tisa.

Dashibodi ilisoma 299,950.

Jioni akapiga simu. "Fundi, umeona nini?"

"Kuna kitu kizuri, Mwalimu. Ngoja nihakikishe."

"Wewe na kuhakikisha kwako! Zimebaki hamsini tu, usinicheleweshe."

Ufundi sikuusomea. Nimejifunza kwa kukosea, kwa hiyo jambo silisemi mpaka nilipime mara tatu. Jumanne nikaazima tepu mpya. Nikapima tairi likiwa limebeba gari, kisha likiwa tupu. Nikaandika hesabu kwenye karatasi, nikaifuta, nikaiandika tena. Jibu halikubadilika. Nikasema kesho nitakwenda mwenyewe, hili si la kusemwa kwenye simu.

Jumatano, kabla sijafungua gereji, Auleria alinipigia. Hakuweza kumaliza sentensi.

Walimzika Bukoba. Wiki mbili baadaye Auleria alikuja gereji akiwa amevaa gauni jeusi.

"Fundi, gari ni zima? Zimebaki hamsini. Nataka nimmalizie."

Nikampa kiti. Nikamwonyesha alama za chaki, zilikuwa bado zipo sakafuni, kisha karatasi. Nikamweleza polepole kwamba baba yake alishafika, na akapita kilometa thelathini na zaidi.

Alisoma karatasi muda mrefu.

"Kumbe rimu zangu ndizo zilizomficha."

"Dada, hukujua. Mie ndiye niliyezifunga, na sikujua."

"Lakini Jumatatu ulijua."

"Nilikuwa nahakikisha."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na hii 299,919 ni nini?"

"Ndipo laki tatu yenyewe ilipotimia. Dashibodi ilikuwa inasoma hivyo."

Auleria akaikunja karatasi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Bagamoyo. Tulisimama apumzishe mgongo. Aliinama dirishani, akasoma namba zote za dashibodi kwa sauti kama yuko darasani. Akaniambia, 'Bado themanini na moja, mama. Nirudishe nyumbani, leo sitaweza.'"

Nililibeba tairi la spea, nikalirudisha kwenye buti. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.