Homa ya Sidi

Sindano ya tano ilimwingia Sidi saa tatu na robo asubuhi. Kufikia saa tano alikuwa bado hajatetemeka.

Alikaa kwenye benchi la kliniki hapo Kisauni, leso mbili za kujifunika mapajani, akiingoja homa kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja. Sindano tatu za kwanza zilimtikisa mpaka meno yakagongana, na daktari akafurahi. Alimweleza kuwa dawa hii ya majaribio ni protini iliyoundwa maabara ili iwaamshe askari wa mwili waupige uvimbe wa titi. Homa ni kelele zao wakiamka. Kweli uvimbe ukanywea, toka limau hadi ndimu.

Ya nne, kimya. Ya leo, kimya. Na ndimu ilikuwa inarudi kuwa limau.

"Sista Winfred," aliita. "Askari wangu wamegoma au mmewapa likizo?"

Muuguzi alicheka bila kuinua macho. "Mwili umezoea, mama."

"Mara hii? Mimi na mume wangu mwaka wa kumi na nane, hatujazoeana."

Benchi zima likaangua kicheko. Sidi naye alicheka, jicho likiwa kwenye trei ya sindano. Kongowea, anakouza nyanya, kila alfajiri yeye mwenyewe hupanga tenga: nzuri juu, zilizopondeka chini. Kwa hiyo hamwamini anayemwonyesha uso wa bidhaa tu. Zile sindano tatu zilivutwa mbele yake, toka kichupa kilichotolewa kwenye friji kikiwa na kizibo chake. Ya nne na ya leo zililetwa zimeshajazwa, toka nyuma ya pazia.

"Kichupa changu ki wapi, nikione?"

"Kimetupwa."

"Hata nyanya mbovu mteja huonyeshwa, sista."

Winfred akainama, sauti ikashuka. "Dawa hii hulipii hata ndururu. Watu arubaini wanaingoja nafasi yako. Niandike umejitoa?"

Fomu ikawekwa mbele ya Sidi.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Homa baada ya sindano: ndiyo."

"Lakini sina homa."

"Itakuja. Weka kidole."

Aliweka.

Nyuma ya pazia, kwa wanaolipa, kitanda kikaanza kugongagonga ukuta. "Jamani, baridi! Wallahi nakufa kwa baridi!" Alikuwa Bi Mahfoudha, mama mpole aliyeanza matibabu siku ile ile ya sindano ya nne ya Sidi. Hakupita bila kuliamkia benchi zima.

Meno yalikuwa yakigongana; Sidi aliujua mlio ule.

Winfred aliingia pazia, akatoka mbio. "Blanketi ziko kwa dobi. Mama, hebu leso zako. Wewe si huzihitaji?"

Sidi alimtazama, wino ungali mbichi kidoleni. Kisha akazitoa.

"Ahsante, dadangu, uliye huko nje," sauti ilitetemeka. "Mungu akulipe."

Pazia lilibaki wazi kidogo. Leso ya juu ilipanda na kushuka, ikirukaruka na jina lake: FUNGU LANGU SILIKOSI.

Sidi akaweka kiganja kwenye paji lake la uso. Lilikuwa baridi kama nyanya ya alfajiri. Hakukiondoa kiganja, akaendelea kungoja.