Jumanne ya Ukutani

Saa tatu usiku Mwanasiti alibandika birika jikoni, akavuta pazia la mlangoni na kuketi nyuma yake. Ilikuwa siku ya thelathini na tisa ya eda yake, mwaka 1978. Ilibaki miezi mitatu ya kukaa ndani ya chumba hicho cha kiwanda, nyuma ya Makongeni, na kiwanda kilimtaka ahame kesho.

Nje, mwanga wa angani ulikuwa umeanza, mwekundu na hafifu kama kawaida yake mapema usiku. Taa za barabarani zilipokufa mwezi Machi, mwanga huo, ambao kwingine hukaa mbinguni kabisa, ulishuka hadi usawa wa mabati. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ulifika kwa wakati kuliko maji. Wanafunzi walieleza kwamba ni jua la mchana, hewa hulifyonza na kulirudisha usiku. Uwanjani hapo ulirudisha na watu. Lilichokiona jua saa sita mchana kilitokea saa sita usiku kwenye ukuta wa bomba la maji, mbele ya vyumba. Tangu mumewe Hamidi azikwe, ulirudisha Jumanne aliyokufa tu.

Kiwanda kilisema Hamidi aliunga mwenyewe mnyororo wa winchi kwa waya, kisha akapita chini ya marobota ya magunia. Mjane wa mzembe hana chumba. Kikao cha kuamua hilo kilifanyika ofisini, mchana. Mwanasiti hakwenda, maana mwenye eda hatoki. Waliandika kwamba hana pingamizi.

Saa tano na nusu alifika Njogu, karani wa nyumba za kiwanda, na daftari lake, kuutazama ukuta. Teresiah wa chumba cha pili alikuwa na ungo wa maharagwe, akingoja mwanga ukolee ayachambue.

"Karani, toa kiatu kwa maharagwe yangu."

"Pole, Mama Thuo. Imeanza?"

"Bado. Leo inajivuta."

Saa sita ukakolea kijani, hata vijiwe ndani ya maharagwe vikaonekana. Ukutani alitokea Munyoki, nyapara, akipanda ngazi peke yake. Alitoa waya mfukoni, akauzungusha kwenye mnyororo mara nne, akajipangusa mikono na kwenda kula.

"Mara nne," Njogu aliandika. "Sasa nione kuanguka. Bila kuanguka, huo ni waya tu."

Hamidi aliangukiwa saa nane. Mwanasiti alijua kwamba mwanga hufifia baada ya saa saba, na kwamba tangu aanze kuchungulia ulikuwa umerudi mara sita tu. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Saa saba na nusu ukuta ulikuwa rangi ya majivu. Njogu alifunika kalamu.

"Ngoja, karani," Mwanasiti alisema nyuma ya pazia. "Huwa unarudi."

"Kila siku?"

"Ngoja tu."

Teresiah alisogeza ungo mpaka miguuni pa karani, hivi kwamba asingeweza kuondoka bila kuumwaga.

Saa nane kasoro dakika tano ukarudi, mwekundu safari hii. Zilitokea kwanza akala za Kariokor, viatu vyake vya matairi, kisha Hamidi juu yake. Munyoki alimnyooshea kidole apite chini ya marobota. Hamidi alisita, akapita. Waya ukakatika. Mwanasiti alitazama akala tu.

Njogu aliandika mstari mrefu.

"Mama Kibibi," aliliambia pazia, "ushahidi ni mzuri. Sijaona uliokamilika hivi. Ulete ofisini kesho kabla ya saa kumi, mchana."

"Niulete ukuta?"

"Na wewe mwenyewe, uweke kidole."

"Niko edani, karani."

"Hilo pia nimeliandika."

Kesho yake, saa kumi na dakika moja, vibarua wawili walitoa kitanda, jiko na birika. Mwanasiti alitoka wa mwisho, amejifunika, akaketi chini ya ukuta wa bomba. Wanawake wa uwanja walishusha mapazia ya milango yao, wakayatundika kumzunguka, na eda ikaendelea.

Chumba alipewa mpwa wa Munyoki, kijana mpole. Usiku wa kwanza, saa sita, mjomba wake alipopanda ngazi ukutani, kijana alitoka kuuliza kama kuna wa kumwazima pazia zito.

Teresiah aliendelea kuchambua maharagwe.

"Pole, kijana," alisema. "Yote yanatumika."